Kilo Kumi na Mbili za Mwezi wa Sita

Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, kabla ya wakulima kuanza kuingia Dutwa na mikokoteni yao, Hamimu Twaibu alilifunga lango la ghala lake la pamba kwa ndani, akamshika mkewe mkono, akampandisha juu ya jukwaa la mizani.

Hawakuwa na pengine pa kwenda. Mizani ya zahanati ilikoma kwenye kilo mia na thelathini, na Maftaha alikwisha kuipita namba hiyo tangu Ramadhani. Hii ya ghalani ilibeba hadi kilo mia tano, na bati la jukwaa lake lilikuwa pana. Mtu akisimama juu yake hahisi kwamba amekizidi kitu.

“Usiangalie,” Maftaha alisema.

“Nisipoangalia mimi, daktari nitamsomea nini?”

“Basi angalia, lakini usitamke. Wauza chai wa nyuma ya ukuta wamekwisha kuamka.”

Tarakimu nyekundu zilicheza, zikatulia. 138. Hamimu akaziandika nyuma ya kadi ya kliniki, kisha akabaki akiitazama kalamu kana kwamba aliyeandika si yeye.

Alijua kwamba hiyo haikuwa namba ya mkewe. Tangu msimu wa ununuzi ulipofunguliwa, mizani ile ilikuwa imepangwa isome pungufu: kila kilo mia zilizopanda jukwaani, kioo kilionyesha tisini na mbili. Salu, karani wake wa mizani, ndiye aliyeijua siri ya vitufe. Amri ilikuwa ya Hamimu. Akapiga hesabu kichwani, akairudia. Maftaha alikuwa na kilo mia na hamsini kamili. Kumi na mbili zilikuwa zimebaki mle ndani ya mashine, pamoja na zile za watu wengine.

Angeweza kusema papo hapo. Lakini alijipa hoja, na kwa wakati ule ilionekana hoja njema: daktari hataki kujua mtu ana kilo ngapi, anataka kujua zimepungua ngapi. Mizani inayopunguza leo na kesho kwa kipimo kimoja haiwezi kuharibu tofauti. Akamteremsha mkewe taratibu, akalifungua lango.

Mkewe huyo alizaliwa Nkololo, akaitwa Nyanjige, binti wa Mzee Mahona, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache na neno zito. Alipoolewa na Hamimu alisilimu, akapewa jina la Maftaha. Ila baba yake, ambaye alibaki katika desturi za wazee wake, aliendelea kumwita kwa jina alilompa mwenyewe. Mwili wake ulianza kuongezeka baada ya kumzaa binti yao wa pekee, Faraja, aliyekuwa sasa masomoni Mwanza. Uliongezeka mwaka kwa mwaka hadi kilo mia moja na sabini na moja, sukari ikapanda, magoti yakaanza kutoa sauti. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Dar es Salaam, akakatwa sehemu kubwa ya tumbo. Akapungua hadi mia na kumi na sita, mji mzima wa Bariadi, walikoishi, ukasimama kumtazama. Kisha, bila ya yeye kujua amekosea wapi, kilo zikaanza kurudi, moja baada ya moja, kama wageni waliosahau kitu.

“Walilikata, likaota upya,” wanawake walisema sokoni, na hawakushusha sauti.

Kilichomwumiza Maftaha hakikuwa maneno hayo. Kwa miaka tisa alikuwa akisali juu ya kiti. Sijida yake ilikuwa ni kuinamisha kichwa tu, magoti hayakukubali zaidi. “Nilijifunza kusali nikiwa mtu mzima,” alimwambia mumewe siku moja, “na hata kabla sijajua kusali vizuri, mwili ukaninyang'anya. Nataka paji langu lifike chini, Baba Faraja. Hata mara moja.”

Ndipo daktari aliyemhudumia baada ya upasuaji, mama mmoja aitwaye Klementina, alipomwandikia sindano ya kila wiki. Kalamu za kujidungia dawa zilitoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi lenye barafu, zikahifadhiwa kwenye friji la nyumbani karibu na maziwa mgando. Kila Alhamisi baada ya alasiri Maftaha alijidunga pembeni mwa kitovu, akasoma bismillahi, akafunga macho. Njaa iliyokuwa ikimwamsha kabla ya alfajiri ikanyamaza.

Daktari Klementina hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini sharti lake alilisema mara tatu kwenye simu, wote wawili wakisikia. “Mama Faraja, wewe si kama wengine. Tumbo lako ni dogo, na dawa hii inalipunguzia kazi tena. Ukipungua kwa kasi, mwili unakosa vitu vidogo visivyoonekana, na wa kwanza kuumia ni ubongo. Kunywa vitamini kila siku. Ukitapika, niambie. Kila mwezi mnipe uzito, mizani ileile. Zikizidi kilo sita kwa mwezi, dawa tunaisimamisha. Mmenielewa?”

“Tumekuelewa, daktari,” Hamimu alijibu. “Ya mwezi huu ni mia na thelathini na nane.”

*

Siku tatu kabla ya kupima mara ya pili, simu ilitoka Mwanhuzi. Mnunuzi mwenzake alisema kwa kifupi kwamba watu wa vipimo walikuwa Meatu tangu jana na kwamba kesho wataingia Bariadi. Hamimu akamtazama Salu, Salu akaweka chini kikombe cha chai.

“Tunamponya mgonjwa?” Salu aliuliza.

“Mponye.”

“Na mimi nilikuwa nimekwisha kumzoea na ugonjwa wake.” Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, akaingiza namba za siri, akapandisha mfuko wa mbolea wa kilo hamsini. Kioo kikasoma hamsini. “Tazama alivyo mcha Mungu, bosi. Ukimwona hivi unaweza kumwozesha binti.”

Wakaguzi walikuja na mawe yao ya chuma, wakapima, wakaridhika, wakapiga lakiri, mhuri wa madini ya risasi, juu ya kisanduku cha vitufe na kubandika stika mpya. Mmoja wao alimsifu Hamimu mbele ya wakulima waliokuwa foleni. Hamimu aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Wakati huo hakumkumbuka mkewe hata kidogo.

Alimkumbuka Jumatatu iliyofuata, Maftaha alipokuwa amekwisha kupanda jukwaani. Safari hii Maftaha aliangalia. Alijua amepungua, gauni alilovaa alikuwa amelikunja kiunoni kwa pini mbili.

141.

Alishuka, akazivua kandambili, akatoa na pini, akapanda tena. Mia na arobaini na moja.

“Nimeongezeka kilo tatu,” alisema. “Kwa wiki nne nakula vijiko viwili vitatu, Baba Faraja. Kwa wiki nne.”

Hamimu akapiga hesabu upya. Mizani ilikuwa ikisema kweli sasa. Iliyodanganya ilikuwa ile ya mwezi wa sita. Mkewe alikuwa ametoka mia na hamsini. Alikuwa amepoteza kilo tisa katika mwezi mmoja, na kikomo cha daktari kilikuwa sita.

Walipiga simu wakiwa ndani ya gari, sauti ikiwa wazi kwa wote.

“Ameongezeka? Anakula kama nilivyoelekeza?”

“Nakula kama ndege,” Maftaha alisema.

“Mzee Hamimu, mmetumia mizani ileile?”

Ilikuwa nafasi yake, na ilikuja ikiwa imeandaliwa kabisa, haikuhitaji zaidi ya sentensi moja. Lakini mkewe alikuwa amekaa ubavuni mwake, na mkewe hakuwahi kumficha baba yake kitu chochote. Mzee Mahona alikuwa ameleta pamba yake ghalani mwezi wa sita. Si yake tu. Alikuwa amewaleta ndugu na majirani wa Nkololo, kaya kumi na nne, akiwaambia kwamba mkwe wake ni mtu wa msikiti na hapunji.

“Ileile, daktari,” Hamimu alisema.

“Basi mwili wake unaishinda dawa. Tunapandisha dozi.”

*

Katika mwezi wa saba Maftaha alikiacha hata kile kidogo alichokuwa akila. Daktari alikuwa amemwambia aanze na mayai, samaki, maharage, kisha ugali ukibaki na nafasi. Yeye akaanza na kuishia na maji ya ukwaju. Kijiko cha tatu kilipompanda kooni aliingia bafuni, akafungua bomba ili maji yafiche sauti. Vidonge vya vitamini vilimchafua moyo, akawa anavitupa. Hakumwambia mumewe, kwa sababu mumewe angemwambia daktari, na daktari angesimamisha dawa wakati namba zilikuwa bado zinamcheka.

Waliomwona kwa macho hawakuhitaji namba. Fatu, dada yake Hamimu, aliyekuwa na duka la vitenge karibu na stendi, alikuja siku moja kumletea wifi yake sambusa, akakuta pete ya ndoa imefungwa uzi ili isidondoke.

“Kaka,” alisema, “mkeo anaisha.”

“Naisha wapi, wifi,” Maftaha alijibu kabla ya mumewe. “Mizani inasema nimenenepa. Unataka kuishinda mizani?”

“Mizani haina macho. Mimi ninayo. Nywele zako ziko wapi?”

“Chini ya mtandio. Na sambusa zako rudi nazo, unazikaanga kwa mafuta ya jana.”

“Ya juzi,” Fatu alisema, na wote wawili wakacheka. Lakini Fatu alipotoka alisimama mlangoni muda mrefu akimtazama kaka yake, kana kwamba anangoja aambiwe kitu.

“Mizani ya kaka yako haidanganyi,” Maftaha alimpigia kelele kutoka ndani. “Baba yangu mwenyewe anaiapia.”

Siku hiyohiyo Hamimu alikwenda Dutwa, akamwita Salu pembeni ya marobota.

“Inaweza kurudishwa ilivyokuwa?”

“Nini, bosi?”

“Mizani. Kwa asubuhi moja tu.”

Salu alitazama lakiri, akamtazama tena bosi wake. Mzaha ulimtoka usoni. “Ukiikata hiyo risasi ni kesi, mzee. Na kwa asubuhi moja utampima nani asiyeweza kupimwa kwa haki?”

Hamimu aligeuka, akarudi garini. Usiku na mchana alikuwa akiandika ujumbe ule ule kwenye simu: *Daktari, namba ya kwanza haikuwa sahihi.* Kisha akamwona akilini daktari akimpigia Maftaha, Maftaha akiuliza kwa nini haikuwa sahihi, na Mzee Mahona akiuliza swali lile lile kwa sauti yake ya chini. Akaufuta. Ijumaa moja khatibu alizungumzia wanaowapunja watu vipimo, na Hamimu, aliyekaa safu ya kwanza kama kawaida yake, alikaza macho kwenye ua moja la zulia mpaka khutba ikaisha. Alipotoka watu walimpa mkono. Akajiambia: mwezi ujao atapungua kwa kiasi, na mambo yote yatajirekebisha bila ya mtu kuaibika.

Mwezi wa nane mizani ilisoma 135.

“Imeanza kukubali,” Maftaha alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kuanza. Kwa daktari, sita za mwezi huo hazikuzidi kikomo, na kwa miezi miwili zilikuwa kilo tatu tu. Kwa Hamimu zilikuwa kumi na tano. Dozi ikapandishwa tena.

Jioni ya siku ile, baada ya magharibi, Hamimu aliingia chumbani akamkuta mkewe amekiondoa kile kiti mahali pake. Alikuwa amesujudu. Paji lake lilikuwa chini, juu ya mkeka, na mabega yalikuwa yakitikisika kwa kilio cha furaha. Hamimu alisimama akingoja ainuke. Alingoja kupita kiasi cha sijida yoyote. Mwishowe alimsogelea, akamwinua kwa mikono miwili, na alishangaa jinsi alivyoweza.

“Chumba kinazunguka,” Maftaha alimnong'oneza. “Usimwambie mtu. Nimefika chini.”

*

Mzee Mahona alikuja Bariadi mwanzoni mwa mwezi wa tisa, akileta kuku wawili na habari za nyumbani. Alikaa barazani, kofia gotini, akasalimiana na mkwe wake kwa kufuata utaratibu wote.

“Mwangaluka, baba,” Hamimu alisema.

“Mwangaluka, mhola?”

“Mhola.”

“Sisi mhola, tu wazima, ila pamba.” Mzee alicheka kidogo. “Mwaka huu imekuwa nyepesi. Mafurushi yaleyale, ng'ombe walewale wakachoka vilevile, kilo zikawa chache. Vijana wakaanza kunung'unika. Nikawaambia, nyamazeni, mizani ya pale namjua mwenyewe. Labda ni jua. Labda mbegu.”

“Labda mbegu,” Hamimu alisema.

“Nyanjige yuko wapi? Nimemsikia kwenye simu, maneno yake yanateleza.”

Maftaha hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwa Anifa, jirani wa mtaa wa pili, ambako wanawake walikusanyika asubuhi hiyo kusoma Maulidi. Kabla Hamimu hajajibu, Fatu aliingia uani akikimbia, mtandio mkononi. Waliposimama wote kwa ajili ya kumsalia Mtume, alisema, Maftaha alisimama nao, akachukua hatua kama mtu aliye juu ya jahazi, akaanguka juu ya sinia la halua.

Walimpeleka hospitali moja ya mjini. Alikuwa macho, lakini macho yenyewe yalikuwa yakitikisika pembeni kama sindano ya dira, na miguu haikumtii. Daktari wa zamu, kijana mmoja aitwaye Shigela, alimuuliza kama anatapika.

“Sitapiki,” Maftaha alisema.

“Umekula nini jana?”

“Pilau.” Hakukuwa na pilau jana.

Shigela alisoma kadi ya kliniki, akaona upasuaji, akaona sindano, akampigia Daktari Klementina, akaiweka simu juu ya meza ya chuma ili asikie na mwenye mgonjwa. Mzee Mahona alikuwa amekaa upande wa miguu ya kitanda. Alikuwa amemshika binti yake kidole kimoja cha mguu.

“Sukari iko chini sana,” Shigela alisema. “Nimeagiza dripu ya sukari.”

“Ngoja,” sauti ya Daktari Klementina ilitoka kwenye simu. “Mzee Hamimu, uko hapo? Nisikilize vizuri, ninauliza kwa sababu moja tu. Mtu aliyekatwa tumbo, akiwa amepungua kwa kasi, huishiwa vitamini B1. Ukimtilia sukari kabla ya kumpa vitamini hiyo, unauchoma ubongo uliobaki. Kama hakupungua kwa kasi, tatizo ni lingine, na sukari ndiyo itakayomwokoa. Na hiyo vitamini wenzetu hawana hapo, mpaka itafutwe mjini. Kwangu imeandikwa kilo tatu tu tangu mwezi wa sita. Una hakika na hizo namba?”

Hamimu alitazama simu. Kisha, bila ya kupenda, alimtazama Mzee Mahona. Mzee alikuwa amemkazia macho kwa imani yote, kama mtu anayengoja shahidi mwadilifu azungumze.

“Nina hakika,” alisema.

Dripu ikafunguliwa.

Hamimu alisimama dirishani. Nje, basi la Mwanza lilikuwa likipiga honi, adhana ya adhuhuri ikasikika, na yeye, ambaye hakuwahi kuikosa swala ya jamaa akiwa mjini, hakutoka. Alikuwa akiyatazama matone. Yalikuwa safi kabisa, yakishuka kwa mpango, na kila moja alilihesabu kuwa ndilo la mwisho kabla ya kusema. Maftaha alipata nguvu kidogo, akaanza kuzungumza. Mzee Mahona akafurahi, akamsogelea.

“Ng'wanone, mwanangu,” alisema, “unanijua?”

Maftaha alimtabasamia kwa adabu. “Nakujua. Wewe ni yule mwenye duka la baiskeli.”

Mzee alicheka, akidhani ni utani wake wa siku zote. Akauliza tena. Maftaha akajibu tena, sasa akataja duka liko mtaa gani, na anadaiwa spoku ngapi. Macho yake yalikuwa yamesimama kabisa, yakitazama sehemu moja ya ukuta, na mkono uliokuwa na pete yenye uzi ulikuwa ukichuma vitu visivyokuwepo juu ya shuka.

Nusu ya chupa ilikuwa imekwisha. Adhana ya alasiri ilikuwa karibu. Hamimu alikwenda kitandani, akaushika mrija wa dripu, akaukunja kwa vidole viwili mpaka matone yakakoma.

“Muite daktari,” alimwambia muuguzi.

Shigela alipoingia, Hamimu hakumtazama yeye. Alimtazama baba mkwe wake, kwa kuwa alijua kwamba asipomtazama hatamaliza.

“Namba ya kwanza ni ya uongo. Mwezi wa sita mizani ya ghala ilikuwa ikipunja, nane katika mia, kwa amri yangu. Alikuwa na kilo mia na hamsini. Mwezi wa kwanza alipoteza tisa. Mwezi wa pili sita. Tangu hapo sijui, lakini juzi nilimbeba peke yangu.”

Shigela aliifunga dripu, akatoka mbio, na sauti yake ikasikika ukumbini akiuliza ni duka gani la dawa lenye sindano za vitamini hiyo, na kwamba kama halipo Bariadi, watu wapigiwe Mwanza.

Chumbani walibaki watatu. Mzee Mahona aliichukua kofia yake gotini, akaitazama ndani, akairudisha.

“Na pamba yangu,” aliuliza, “uliipima mwezi gani?”

“Wa sita, baba.”

“Na ya wale niliowaleta?”

“Wa sita.”

Mzee aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelekezwa njia. “Basi haikuwa mbegu,” alisema. Hakupandisha sauti. Aliinuka, akasogeza kiti chake akakiweka kati ya kitanda na Hamimu, akakaa, mgongo wake ukimwelekea mkwe wake. Akamshika tena binti yake mguu.

*

Vitamini ilipatikana kabla ya magharibi. Baada ya siku mbili macho yalianza kusogea tena. Baada ya wiki mbili Maftaha aliweza kutembea akishika ukuta. Sindano za kila Alhamisi zilisimamishwa, na kwa kula kidogo kidogo uso wake ulirudi kuwa uso wake. Daktari Klementina alipoulizwa ni kiasi gani kilichoharibiwa na miezi mitatu, na kiasi gani kiliharibiwa na ile nusu ya chupa, alisema kwamba hakuna chombo cha kupima jambo hilo.

Hamimu alikwenda Nkololo, kaya moja baada ya nyingine, kaya zote kumi na nne, akasema alichokifanya. Wengine walimtukana, wengine walimpa kiti, na hawa wa pili walimwia vigumu zaidi. Ghala la Dutwa lina kufuli ambalo halikufungwa na yeye.

Lakini hayo yana mwisho, na lililoko nyumbani kwake halina. Maftaha anawakumbuka wazazi wake, anakumbuka siku aliyosilimu, anakumbuka namna ya kusali na husujudu chini kila wakati, kwa wepesi. Analolipata leo ndilo lisilokaa. Kila asubuhi, baada ya alfajiri, huamka akiwa katika mwezi ule wa saba, hushika kiuno cha gauni, huona limelegea, na humgeukia mumewe.

“Baba Faraja, nimefika kilo ngapi?”

Daktari Shigela alimwonya Hamimu asimjibu kwa uongo, hata mdogo, kwa sababu akili yake hujaza mapengo kwa chochote inachopewa. Kwa hiyo Hamimu huketi ukingoni mwa kitanda, humwambia namba, mkewe huuliza imekuwaje, naye humwambia imekuwaje, tangu vitufe vitatu mpaka mrija wa dripu. Maftaha husikiliza mpaka mwisho. Kila asubuhi ni mara yake ya kwanza kusikia. Uso wake hubadilika pale pale, katika neno lile lile, na mkono wake huondoka taratibu kwenye mkono wa mumewe.

“Baba anajua?” huuliza.

“Anajua.”

Hugeukia ukutani. Hulia mpaka jua litoke, na jua likishatoka husahau kwa nini analia, huinuka, humwuliza kama amekunywa chai.